Yule Niliyemwita Mshipi

Na wala sikutoka nje kuangalia mbuzi, Minza. Tuna mbuzi wawili tu, na wote walikuwa wamelala mlangoni uliponisomea ile barua ya kazi. Ilibidi niwaruke ili nipite. Nilikusikia ukimwambia Kabula, mama yako wa kambo, "Muache, mayu, baba analia kwa furaha." Nikakaa nyuma ya choo mpaka uji wangu ukapoa. Tangu siku hiyo umeniuliza mara tatu kwa nini sikushangilia, na jana ukaacha kuuliza. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu akiacha kuuliza ameshajijibu mwenyewe, na jibu lako naliona usoni: unadhani baba amepata mke mpya, sasa anafurahi uondoke.

Si hivyo, mwanangu. Kaa nikueleze.

Nakuandikia nikiwa hapa kwenye mzani wa pamba, mchana huu, kati ya mzigo na mzigo. Nyumbani siwezi. Nyumbani nikishika kalamu Kabula ananitazama, nami nikitazamwa na Kabula nasahau hata jina langu. Najua unachukia nikisema hivyo. Juzi ulisema, "Baba, una miaka hamsini, tulia." Nimejaribu kutulia. Lakini nikimwona anakuja na beseni la dagaa kichwani, mkono mmoja juu, mwingine unapepea kanga, moyo wangu unaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Mpaka harufu ya dagaa sasa naipenda. Mimi, niliyekulia Bukundi kwenye maziwa na nyama, leo nasikia harufu ya dagaa wa Mwamanyili na kutabasamu peke yangu kama kichaa. Nivumilie. Bila yeye barua hii isingekuwepo, utaona.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala akiba, wala jinsi ya kulinda begi basi likisimama Maswa. Kabula ameshakuambia hayo mara nne. Nina moja tu, na limenikaa miaka mingi kuliko umri wako.

Barua yako ya kazi inasema utatambua planktoni, viumbe wadogo mno wa maji ya pwani. Hapo nilifurahi kweli, Mungu anajua. Halafu ukasoma mstari wa pili: kwamba utaanza kwa kupitia upya sampuli za zamani zilizohifadhiwa katika kituo kile kile cha utafiti nilichofanyia kazi mimi. Ukaruka juu ukisema, "Baba, nitashika chupa zako!" Ndipo nikawaruka mbuzi.

Unajua nusu ya habari hii. Unajua kwamba nilipomaliza kidato cha nne nilimfuata binamu yangu pwani, nikapata kazi ya kufagia kituoni. Unajua kwamba mama mmoja mtafiti, tuliyemwita Mama Dokta, alinikuta nimeinama kwenye hadubini yake na ufagio mkononi. Badala ya kunifukuza akaniambia, "Kaa chini, uone vizuri." Nilipokueleza tone lile la maji ya bahari, ulikuwa mdogo, ukanilazimisha tuchote maji ya lambo tuyaangalie kwa lenzi ya fundi saa. Hukulala siku hiyo. Nami niliona fahari, nikakuongezea hadithi. Nilikueleza kila kitu kuhusu tone lile isipokuwa kilichonifukuza.

Majina yale ya kitaalamu yalinishinda, Minza. Ni marefu, yanateleza. Basi nikafanya kama guku yako, baba yangu, alivyokuwa akifanya zizini. Guku hakuhesabu ng'ombe. Aliegemea lango jioni, wao wakipita, naye akitaja rangi na mabaka ya kila mmoja chini ya pumzi, na akijua aliyepotea kabla wa mwisho hajaingia. Nikawapa wale viumbe majina ya ng'ombe. Aliyekuwa na pembe tatu nikamwita Pembe. Aliyefanana na kengele ya shingoni, Kengele. Wale wa kioo waliojipanga mstari mrefu, Shanga. Na mmoja wa mviringo, wa kahawia, mwenye mfereji uliomzunguka kiunoni kama mkanda, nikamwita Mshipi, kwa sababu tulikuwa na dume lenye ukanda mweupe tumboni, na jina lake lilikuwa hilo. Nyuma ya daftari langu niliandika jina la ng'ombe upande huu, jina la kitabuni upande ule. Nikawa mwepesi kuliko wanafunzi wa chuo. Mama Dokta akiuliza, mimi nimeshajibu. Alisema nina macho ya mchungaji. Nilitembea wiki nzima nikiwa nimevimba kwa sifa hiyo.

Sasa nimesimama kidogo. Wamekuja watu watatu na mizigo ya pamba, na mmoja, yule mzee mcheshi wa Mwamanyili, ameuliza, "Karani, mzani wako unasemaje?"

Nikamwambia, "Umetikisika, sijui. Shusha tupime upya."

"Sijui tena! Jamani, Bwana Sijui ameanza! Ndiyo maana umeoa uzeeni, kumbe ulikuwa bado unapima!"

Wote wamecheka, na mimi nimecheka. Wananiita Bwana Sijui miaka yote hii, wakidhani ni tabia yangu ya kuzaliwa. Hawajui nililinunua wapi neno hilo.

Kitabu cha kutambulia viumbe utakifahamu kuliko mimi, kile cha maswali mawili mawili. Je, ana mkanda au hana? Kama anao, nenda ukurasa huu. Je, yuko peke yake au ameungana na wenzake? Nenda ukurasa ule. Unashuka hivyo, swali kwa swali, mpaka unafika kwenye jina. Mimi nilikuwa nimeacha kushuka. Nilikuwa nikiona mkanda, nasema "Mshipi", naandika jina lake. Na ubaya wa kitabu kile ni huu: ukikosea swali la juu, yale ya chini yanakukubalia tu. Kila jibu linaonekana kufaa. Unafika mwisho ukiwa na jina zuri, na uhakika kamili, na kiumbe si huyo.

Kituo kilichota maji ya bahari kila wiki kwa sababu ya chaza. Wanawake wa kijiji kile waliokota chaza miambani maji yakipwa, na kuna kiumbe mmoja mdogo ambaye akizidi baharini, chaza wanamla wao hawadhuriki, lakini mtu akila chaza hao anakufa ganzi: midomo, kisha vidole, kisha kifua. Kazi yetu ilikuwa kumwona mapema, tuwaambie wanawake wangoje.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja, Bi Zuhura. Mkwewe, Mwanaidi, mke wa mwanawe, ndiye aliyepika pale nyumbani, nami nilikula chungu kimoja nao. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na maneno mengi mdomoni. Kila asubuhi ya kuokota chaza alipita kituoni na ndoo yake, akisimama dirishani: "Kaka Msukuma, maji yako leo yanasemaje?" Nami nilijibu kama daktari.

Wiki ile Mama Dokta alikuwa amesafiri. Aliniacha na hadubini, na kabla ya kuondoka alisema ameniombea nafasi ya kudumu, si ufagio tena. Nikaweka tone kwenye kioo. Niliona Mshipi wengi, kuliko nilivyowahi kuona. Lakini walikuwa wameshikana, wawili wawili, wanne wanne, mmoja nyuma ya mwingine kama ndama wanaofuata mama. Na mkanda wenyewe haukukutana vizuri. Ncha moja ilishuka chini kidogo kuliko nyingine. Mshipi wangu siku zote alitembea peke yake.

Niliona hayo, mwanangu. Usije ukanitetea kwa kusema sikuona. Niliwachora vizuri, kwa penseli, kama nilivyofundishwa: chora kwanza, jina baadaye. Kwenye rejista palikuwa na safu ya kuandika "hajulikani, asubiriwe". Neno moja tu. Kalamu ilikuwa juu yake. Nikafikiri, Mama Dokta akirudi akute mfagiaji ameandika hajui, na nafasi ile? Na kumbuka, nikiwa na miaka kumi niliwahi kurudi jioni na ndama wa jirani, rangi moja na wetu, mabaka yale yale. Guku alimtazama mara moja akanipiga kwenzi la kichwa. "Umeleta rangi," akasema, "hukuleta ng'ombe." Nilikumbuka kwenzi lile pale pale, mbele ya hadubini. Nikaandika jina la Mshipi.

Dirishani ikaja sauti. "Kaka Msukuma, maji yako leo yanasemaje?"

"Nendeni tu," nikasema. Sikuinua hata uso, kumbe siku ile alikwenda peke yake; wenzake walikuwa harusini.

Siku ile nilichelewa kutoka kazini, sikula chaza wale. Nilipofika nyumbani, Bi Zuhura alikuwa amelazwa ukumbini, anasema midomo yake haipo. Alisema hivyo, haipo, akiigusa. Mwanaidi mwenyewe mikono ilikuwa ikifa ganzi, lakini alikuwa amekula kidogo tu, akaacha sahani ili amnyonyeshe mtoto. Tulimbeba bibi kwenda zahanati. Hakufika.

Ningesema pale pale. Lakini baada ya mazishi ndugu wa mume walikaa kikao, wakasema mkwe ndiye aliyepika, mkwe ndiye aliyekula kidogo, na juzi yake waligombana kuhusu mafuta ya taa. Mwanaidi akalia akasema, "Nilimuuliza kaka Msukuma! Muulizeni!" Wakaja kituoni watu wanne. Nilifungua rejista nikawaonyesha mstari wangu. Wakasoma, mmoja wao akasema, "Kumbe bahari ilikuwa safi." Basi kama sumu haikuwa baharini, ilikuwa chunguni. Mwandiko wangu mzuri, ule Mama Dokta alioupenda, ndio uliomhukumu. Alipewa talaka, akatolewa nyumba ile na mtoto mgongoni na beseni la nguo. Alipita mbele ya dirisha langu. Safari hii hakuniuliza kitu.

Kesho yake nilichukua sampuli ile ile, nikaanza swali la kwanza kabisa, pole pole, kama mtu asiyejua chochote. Nikafika kwa yule mwingine, mwenye sumu. Nikafunga chupa, nikairudisha kabatini na lebo yake ya uongo. Wiki hiyo hiyo nikasema baba anaumwa Bukundi, nikapanda basi. Guku yako alikuwa mzima kabisa. Alishangaa kuniona.

Zamani, tulipoangalia maji mabichi yenye viumbe hai, nilipenda kumfuata mmoja kwa jicho. Anakwenda mbio mpaka ukingo wa tone, anagonga, anageuka, anakwenda ukingo wa pili, anageuka. Kwake hiyo ndiyo dunia yote. Nimeishi hivyo. Mara ngapi nimefika mpaka stendi ya Bariadi na nauli mfukoni, nikageuka? Nilimwoa mama yako, Mungu amrehemu, mwanamke mwema, na miaka yote tuliyokaa alikuwa akiniuliza, "Una nini?" nami najibu, "Sina kitu." Alikufa akiwa ameolewa na mtu ambaye hana kitu. Hilo ni kosa langu la pili, na hili siwezi kulirekebisha kwa safari yoyote. Ukipata mtu anayekuuliza una nini, mwanangu, mjibu hata nusu.

Hata wewe nilikufungia katika tone hilo. Kila nilipokuonyesha kiumbe kwenye maji ya lambo nilikuambia, "Sema jina." Hukuwahi kunisikia nikisema, "Si lazima." Nilikuwa nafundisha ugonjwa wangu.

Kabula nilimwambia wiki ya tatu ya ndoa, asubuhi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua dagaa, akitoa mawe na makonokono. Sijui nini kilinisukuma. Nadhani ni furaha. Furaha nayo inalegeza vifundo. Nikasema yote, na chai ikapoa. Nilimsubiri anifariji. Wewe unajua jinsi anavyojua kufariji.

Hakunifariji. Alisema, "Masanja, miaka yote hiyo ulikuwa unakaa na mchanga mdomoni?"

"Ningefanyaje?"

"Ungetema. Sisi kule ziwani, maji yakigeuka kijani, mtoto wa miaka sita anapiga kelele msichote. Hajasoma. Hajui ni kitu gani. Anasema tu, hiki sikijui." Akatupa jiwe pembeni. "Halafu nimekusikiliza tangu jua linachomoza. Umesema mimi, mimi, mimi. Niliogopa, nilikimbia, niliumia. Yule mwanamke anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Minza, sikuwa nimelitamka jina lile tangu siku ile. Nilikaa pale na kikombe, mwanaume mzima, nikasema, "Mwanaidi." Kabula akasema, "Haya. Huyo ndiye wa kuanzia." Akaendelea na dagaa wake. Nilimpenda dakika ile kuliko siku ya harusi, na siku ya harusi uliniona nilivyocheza, wote mliniona.

Nimeuliza. Binamu yangu bado yuko kule. Mwanaidi yu hai. Anaishi kijiji cha pili kutoka kituoni, anauza maandazi, hakuolewa tena. Mtoto yule wa mgongoni sasa ni mwanaume mwenye watoto wake, na binamu anasema mpaka leo wapo wazee ambao hawanunui andazi mkononi mwake.

Sasa sikia ninachokuomba, na ninachokukataza.

Kwenye bahasha hii nimeweka ukurasa niliouchana kwenye daftari langu. Ni ule mchoro. Penseli imefifia lakini mkanda unaonekana, na jinsi walivyoshikana. Mchoro ule ndio kitu pekee nilichofanya kwa uaminifu wiki ile. Chupa utaikuta, lebo ina mwandiko wangu, utautambua kwa ile M yenye mkia. Usiiamini lebo. Lakini usiuamini mchoro wangu pia, wala barua hii. Weka tone kwenye kioo uanze swali la kwanza. Ukifika kwa yule niliyefika mimi, andika. Ukifika kwingine, andika. Na kama miaka imewaharibu hata hawasomeki, basi andika hajulikani, uweke saini yako, uende ukale chakula cha mchana kwa amani. Hutapungua hata kidogo. Hilo ndilo ningempa mtu yeyote anayetoka nyumbani kwangu, kama ningeambiwa nimpe kitu kimoja tu.

Ninachokukataza ni kwenda kwa Mwanaidi. Najua moyo wako. Utataka kwenda Jumapili ya kwanza, umwombe msamaha kwa niaba yangu, urudi ukiwa umenibebea mzigo. Hapana, ng'wana wane, mwanangu. Ukimkuta njiani mwamkie kama unavyomwamkia mkubwa, nunua maandazi, ule mbele ya watu. Ukiulizwa wewe ni wa nani, usifiche. Lakini maneno yale ni yangu. Nikikutuma wewe nitakuwa nimempelekea rangi nyingine badala ya ng'ombe.

Labda utanikasirikia. Labda utaisoma hii mkifika Shinyanga, utatamani ushuke. Usishuke kwa ajili yangu. Nakupenda mpaka naona haya kuandika, na kwa kuwa sasa mimi ni mtu wa kuandika mambo ya mapenzi bila haya, nayaandika: nilipokuona umeinama kwenye lenzi ya fundi saa, na nywele zako zinagusa maji, nilijua kuna kitu kimoja sikukosea duniani.

Nilitaka tusafiri nawe wote kesho. Kabula alifunga hata kitenge chake kizuri. Lakini msimu unafungwa wiki ijayo, na watu wamelala foleni na pamba zao, siwezi kumwachia mzani mtu asiyejua kusema sijui. Na nikuambie ukweli uliobaki: naogopa. Nahitaji hizi siku chache, si za kuacha kuogopa, ila za kuzoea.

Mzani ukifungwa, kabla mwezi huu haujaisha, nitakuja. Nitakuja na mayu Kabula. Tutapitia kwako kwanza, unionyeshe ulichoandika. Halafu nitatembea mpaka kijiji cha pili, mchana, watu wakiwa barazani, nisimame mbele ya meza ya maandazi, na safari hii mimi ndiye nitakayeita jina lake.